Taipei hadi Shanghai: Safari ya kilomita 680 iliyokuwa ikichukua siku nzima

MTU akiitazama ramani ya Asia Mashariki, ataona kwamba jiji la Taipei, lililo kaskazini mwa kisiwa cha Taiwan, na jiji la Shanghai, lililo katika pwani ya China bara, yanakaribia kuwa kwenye mstari mmoja unaotoka kusini kwenda kaskazini. Umbali wa angani baina ya majiji hayo mawili ni takriban kilomita 680.

Umbali huo si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Unakaribiana sana na ule ulioko baina ya Nairobi na Dar es Salaam, safari ambayo ndege ya jeti huikamilisha kwa muda wa saa moja na dakika chache.

Hata hivyo, kwa karibu miaka 60, hapakuwa na abiria wa kawaida aliyeweza kupanda ndege Taipei na kushuka Shanghai baada ya muda kama huo. Kwa miaka 38 ya kwanza, wakazi wa Taiwan hawakuruhusiwa kabisa kuzuru China bara. Waliporuhusiwa, walilazimika kuzunguka kupitia Hong Kong au Macau, na safari ya kilomita 680 ikageuka kuwa safari ya zaidi ya kilomita 2,000.

Katika kipindi hicho chote, nchi kavu haikusogea wala bahari haikupanuka. Kilichobadilika ni makubaliano ya wanadamu kuhusu nani apite wapi. Kwa sababu hiyo, historia ya safari baina ya majiji haya mawili ni mfano mzuri wa kumwelewesha msomaji mambo yanayoamua umbali wa safari ya ndege na muda unaotumika.

UMBALI HUPIMWAJE?

Umbali unaotajwa baina ya miji miwili katika masuala ya usafiri wa angani huwa si ule unaopimwa kwa rula juu ya ramani iliyotandazwa mezani. Dunia ni tufe, na ramani ya karatasi hulazimika kuivuta hapa na kuibana pale ili ienee kwenye karatasi bapa.

Njia sahihi ni kuchukua tufe lenye sura ya dunia, kisha kunyoosha uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine mpaka ukaze. Mahali uzi unapopita ndipo palipo na njia fupi kuliko zote. Wataalamu huiita njia hiyo duara kuu, kwa maana kwamba ukiirefusha itaizunguka dunia nzima na kuigawa katika nusu mbili zilizo sawa.

Kwa safari ndefu, kama vile kutoka Asia Mashariki hadi Amerika Kaskazini, njia hiyo huonekana kwenye ramani ya kawaida kama upinde unaopanda juu kuelekea ncha ya kaskazini. Kwa safari fupi ya kusini kwenda kaskazini, kama hii ya Taipei na Shanghai, duara kuu na mstari wa rula havitofautiani sana.

Marubani nao hawatumii kilomita bali maili za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Kwa kipimo hicho, Taipei na Shanghai zimetengana kwa takriban maili 367 za baharini.

Umbali hubadilika kidogo kutegemea kiwanja kinachotumiwa, kwani kila moja ya majiji hayo lina viwanja viwili vikubwa vya ndege. Taipei ina Songshan, kilichomo ndani ya jiji lenyewe, na Taoyuan, kilichoko umbali wa takriban kilomita 40 magharibi mwa jiji. Shanghai ina Hongqiao, kilicho karibu na katikati ya jiji, na Pudong, kilicho kandokando ya bahari upande wa mashariki. Tofauti hiyo, hata hivyo, haizidi kilomita chache.

HESABU YA MUDA

Ndege nyingi za abiria zinazotumia injini za jeti husafiri kwa kasi ya kilomita 800 hadi 900 kwa saa zinapokuwa zimefika kimo cha juu. Mtu akigawa kilomita 680 kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa, atapata dakika 48. Lakini hakuna ratiba ya shirika lolote la ndege itakayomwahidi abiria kwamba atafika kwa dakika 48.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndege haianzi safari kwa kasi hiyo. Hutumia takriban dakika 20 kupanda hadi kimo chake, na muda unaozidi huo kidogo kushuka. Katika hatua hizo mbili, mwendo wake huwa wa chini. Kwa safari fupi, ndege hukaa kwenye kimo cha juu kwa muda mchache tu kabla ya kuanza kuteremka.

Sababu ya pili ni kwamba ndege haiwezi kugeuka tu na kuelekea inakokwenda pindi inaporuka. Huruka kwa kukabili upepo, hata kama upepo huo unatoka upande usio wa safari, kisha hufuata njia iliyopangwa ili isigongane na ndege zinazotua. Vivyo hivyo, inapokaribia mwisho wa safari hupangwa foleni na ndege nyingine.

Kwa jumla, ndege inayofuata njia ya karibu kunyooka kutoka Taipei hadi Shanghai hukaa angani kwa takriban dakika 80 hadi 90. Ratiba za mashirika, hata hivyo, huonyesha muda mrefu zaidi, aghalabu baina ya saa moja na dakika 45 na saa mbili. Hii ni kwa sababu muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena na milango kufunguliwa. Katika viwanja vyenye shughuli nyingi kama Pudong, kutembea ardhini pekee kunaweza kumaliza dakika nyingi.

Upepo nao una sehemu yake. Juu ya Asia Mashariki huvuma upepo mkali sana wa angani unaotoka magharibi kwenda mashariki, hasa wakati wa majira ya baridi. Ndege inayotoka Shanghai kwenda Tokyo husukumwa na upepo huo na kufika mapema kuliko ile inayorudi. Kwa safari ya Taipei na Shanghai, upepo hupita kwa ubavuni, na hivyo muda wa kwenda na ule wa kurudi haupishani sana.

Hakuna pia haja ya kubadilisha saa ya mkononi. Taipei na Shanghai hutumia saa moja, ambayo iko mbele ya ile ya Nairobi kwa saa tano.

MIPAKA YA ANGANI

Iwapo umbali ni kilomita 680 na muda ni chini ya saa mbili, ni kipi kilichowazuia watu kwa miongo mingi? Jibu linapatikana katika sheria na siasa.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa usafiri wa ndege za kiraia duniani, unaeleza katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila taifa lina mamlaka kamili juu ya anga yake. Ndege ya abiria yenye ratiba haiwezi kuingia katika anga ya taifa jingine bila idhini.

Zaidi ya hayo, anga ya dunia nzima imegawanywa katika maeneo ya uelekezi. Kila eneo lina kituo chenye waelekezi wanaowasiliana na marubani kwa redio. Ndege inapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine, mwelekezi wa eneo la kwanza huwasiliana na mwenzake wa eneo la pili na kumkabidhi ndege hiyo. Bila ya makabidhiano hayo, mwelekezi wa pili hatajua ni ndege gani inayomjia, iko kimo gani na inakwenda wapi.

Mwaka 1949, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China vilikamilika kwa ushindi wa Wakomunisti walioongozwa na Mao Zedong. Serikali ya Chiang Kai-shek ilikimbilia Taiwan, na watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wanajeshi, wakavuka bahari pamoja nayo. Kila upande ulidai kuwa ndio serikali halali ya China nzima. Safari za ndege, meli na hata barua za moja kwa moja zikakatizwa.

Kwa hali hiyo, waelekezi wa ndege wa Taipei na wale wa Shanghai hawakuwa na njia rasmi ya kuzungumza, ijapokuwa maeneo yao yanapakana. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na katika mzozo huu nyasi zilikuwa wanajeshi vijana walioacha wazazi, wake na watoto ng'ambo ya bahari wakidhani wangerudi nyumbani baada ya muda mfupi.

RUBANI ALIYELAZIMISHA MAZUNGUMZO

Mnamo Januari 1, 1979, Beijing ilipendekeza kurejeshwa kwa mawasiliano ya aina tatu, yaani barua, usafiri na biashara. Taipei ilikataa na kutangaza kwamba haingekuwa na mawasiliano, mashauriano wala maafikiano na upande wa pili.

Msimamo huo ulitikiswa na tukio la Mei 3, 1986. Wang Xijue, rubani wa shirika la China Airlines la Taiwan, alikuwa akiendesha ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 kutoka Bangkok kuelekea Hong Kong. Badala ya kutua Hong Kong, aliwadhibiti wenzake wawili na kuipeleka ndege hiyo Guangzhou, China bara, ambako alieleza kwamba alitaka kuungana na jamaa zake.

Taipei ilijikuta katika njia panda. Ikiwa ingeshikilia kwamba haizungumzi na Beijing, ingepoteza ndege na wafanyakazi wawili waliotaka kurudi. Hatimaye wawakilishi wa mashirika ya ndege ya pande hizo mbili walikutana Hong Kong, na kabla ya mwezi huo kuisha, ndege na wafanyakazi hao wawili walikuwa wamerejeshwa. Ilidaiwa kuwa hayo yalikuwa mazungumzo ya kibiashara tu, lakini ukweli ni kwamba pande hizo mbili zilikuwa zimeketi kwenye meza moja.

Mwaka uliofuata, sheria ya kijeshi iliondolewa Taiwan na, kuanzia Novemba 1987, wakazi wa kisiwa hicho wakaruhusiwa kwenda kuwaona jamaa zao China bara. Wanajeshi walioondoka wakiwa vijana sasa walikuwa wazee wenye mvi. Baadhi yao waliwakuta wazazi wakiwa hai. Wengi walionyeshwa makaburi.

KUZUNGUKA KUPITIA HONG KONG

Ruhusa hiyo ya kusafiri haikuja na ruhusa ya ndege kuvuka moja kwa moja. Abiria alitakiwa kwanza kwenda mahali pa tatu, na mahali palipofaa zaidi palikuwa Hong Kong, iliyokuwa chini ya Uingereza hadi Julai 1, 1997.

Kutoka Taipei hadi Hong Kong ni takriban kilomita 800 kuelekea kusini magharibi. Kutoka Hong Kong hadi Shanghai ni takriban kilomita 1,250 kuelekea kaskazini mashariki. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,050, ambazo ni mara tatu ya umbali halisi. Kwa maneno mengine, abiria alianza safari yake kwa kujitenga na mahali alikotaka kwenda.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyeondoka Taipei kwa ndege ya saa mbili asubuhi. Angefika Hong Kong yapata saa nne kasorobo. Huko angeshuka, akaguliwe, abadilishe ndege na kungoja, labda kwa muda wa saa mbili au zaidi. Akiondoka Hong Kong saa sita mchana, angetua Shanghai baada ya saa nane. Baada ya ukaguzi wa pasipoti na safari ya gari hadi mjini, alasiri ingekuwa imefika. Kwa kuwa alikuwa ameondoka nyumbani kwake alfajiri, siku nzima ya kazi ilikuwa imepotea.

Njia ya Taipei na Hong Kong ikawa miongoni mwa njia za kimataifa zenye abiria wengi zaidi duniani. Mashirika ya ndege yaliiita njia ya dhahabu, na haikuwa siri kwamba sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilitoka kwa watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote Hong Kong.

Tangu mwishoni mwa mwaka 1995, Macau, iliyokuwa wakati huo chini ya Ureno, ilitoa nafuu kidogo baada ya kufungua kiwanja chake cha ndege. Shirika la Air Macau liliwaruhusu abiria kuendelea na safari kwa ndege ile ile waliyokuja nayo, huku nambari ya safari ikibadilishwa. Abiria hakuhama kiti, lakini ndege ilikuwa bado lazima itue.

Hapa pana funzo dogo kwa yeyote anayenunua tikiti. Safari ya moja kwa moja si lazima iwe safari isiyotua njiani. Neno la kwanza huweza kumaanisha kwamba hutabadilisha ndege, ilhali ndege yenyewe itateremka mahali pengine, ichukue abiria na mafuta, kisha iendelee. Anayejali muda anafaa kuuliza iwapo ndege itatua popote kabla ya mwisho wa safari.

Kulikuwapo pia njia ya maji. Kuanzia Januari 2001, vivuko viliruhusiwa kati ya Kinmen, kisiwa kidogo kinachotawaliwa na Taipei, na mji wa Xiamen ulio kilomita chache tu kutoka hapo. Baadhi ya wasafiri walitoka Taipei kwa ndege hadi Kinmen, wakavuka kwa kivuko, kisha wakapanda ndege nyingine Xiamen kuelekea Shanghai. Njia hiyo iliokoa pesa, lakini ilihitaji kubeba mizigo kutoka chombo kimoja hadi kingine.

HATUA KWA HATUA

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Januari 26, 2003, ndege ya China Airlines ilitua Shanghai kuwachukua wafanyabiashara wa Taiwan na familia zao waliotaka kwenda kusherehekea mwaka mpya wa Kichina nyumbani. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya Taiwan kutua kwa idhini China bara tangu mwaka 1949. Hata hivyo, ilitakiwa kutua kwanza Hong Kong, na ni mashirika ya Taiwan pekee yaliyoruhusiwa kushiriki katika safari hizo za kukodi.

Miaka miwili baadaye, Januari 29, 2005, mashirika ya pande zote mbili yaliruhusiwa, na kwa mara ya kwanza ndege hazikulazimika kutua njiani. Lakini bado zilitakiwa kupitia katika anga ya Hong Kong.

Sharti hilo linaweza kumshangaza msomaji. Kwa nini ndege ipelekwe hadi anga ya Hong Kong ikiwa haitui huko? Ni kwa sababu ya yale makabidhiano ya waelekezi. Taipei ilikuwa na mawasiliano na Hong Kong, na Hong Kong ilikuwa na mawasiliano na China bara. Waelekezi wa Hong Kong ndio waliokuwa daraja la kuipokea ndege kutoka upande mmoja na kuikabidhi kwa upande wa pili. Aidha, Taipei ilihofia kwamba njia iliyonyooka kutoka bara ingeweza kutumiwa na ndege za kivita, na hivyo kuipunguzia muda wa kujihami.

Baada ya Ma Ying-jeou kuapishwa kuwa rais wa Taiwan mnamo Mei 20, 2008, mazungumzo yaliharakishwa. Kwa kuwa serikali hizo mbili hazitambuani, mikataba ilitiwa saini na mashirika mawili yaliyoundwa mahususi kwa shughuli hiyo, moja kutoka kila upande. Kuanzia Julai 4, 2008, ndege zilianza kusafiri kila wiki, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Hata hizo zilipita kwenye anga ya Hong Kong.

Novemba 4, 2008, wakuu wa mashirika hayo mawili, Chiang Pin-kung wa Taiwan na Chen Yunlin wa China bara, walitia saini jijini Taipei makubaliano yaliyofungua njia mpya ya anga kaskazini mwa mlangobahari wa Taiwan. Waelekezi wa Taipei na wa Shanghai sasa wangekabidhiana ndege bila ya mtu wa tatu.

Njia hiyo ilianza kutumika Desemba 15, 2008. Siku hiyo hiyo meli za mizigo na huduma za posta za moja kwa moja zilianza pia. Safari ya Shanghai na Taipei ilipungua kwa zaidi ya saa moja ikilinganishwa na ile iliyopitia anga ya Hong Kong bila kutua, na muda wa kuwa angani ukawa takriban dakika 80.

Tarehe 31 Agosti, 2009, safari za kukodi zilibadilishwa kuwa safari za kawaida zenye ratiba. Juni 14, 2010, viwanja vya Songshan na Hongqiao, ambavyo vyote viko karibu na katikati ya miji, viliunganishwa. Hatua hiyo ya mwisho haikupunguza umbali wa angani, bali ilipunguza muda wa ardhini. Kwa safari fupi, mwendo wa gari kwenda na kutoka kiwanjani huweza kuwa mrefu kuliko safari ya ndege yenyewe.

WALIOFAIDI NA WALIOPOTEZA

Waliofaidi zaidi ni wafanyabiashara na wahandisi wa Taiwan waliokuwa wamejenga viwanda katika eneo la Shanghai na miji jirani. Mji wa Kunshan, ulio karibu na Shanghai, ulikuwa na wakazi wengi kutoka kisiwani hivi kwamba ulipewa jina la utani la Taipei Ndogo. Kwa watu hao, kurudi nyumbani mwishoni mwa juma kuliwezekana.

Wazee nao walifaidi, ingawa kwa wengi wao nafuu ilikuja wakiwa wamechelewa. Mtu aliyeondoka Shanghai mwaka 1949 akiwa na umri wa miaka 20 alikuwa na miaka 79 wakati njia iliyonyooka ilipofunguliwa. Kubadilisha ndege na kungoja kwa saa kadhaa katika kiwanja cha watu wengi si jambo jepesi kwa mtu wa umri huo, na wapo waliofariki dunia kabla ya safari hiyo kuwa nyepesi.

Waliopoteza ni wale waliokuwa wakinufaika na mzunguko. Macau, iliyowategemea sana abiria wa kupitia, ilipoteza wengi wao. Hong Kong nayo ilipoteza sehemu ya abiria hao, lakini kwa kuwa ni kituo kikubwa cha biashara na utalii, njia ya kwenda Taipei iliendelea kuwa na shughuli nyingi.

Haimaanishi kwamba kila kitu kilitulia. Mwezi Februari 2020, kutokana na janga la Covid-19, Taipei ilipunguza miji ya China bara inayopokea ndege zake hadi minne, ikiwemo Shanghai. Agosti 2022, China ilipofanya mazoezi makubwa ya kijeshi kuzunguka kisiwa cha Taiwan, mashirika kadhaa yalisitisha safari na mengine yakazipitisha ndege zake mbali na eneo hilo. Kwa siku hizo chache, umbali wa angani uliongezeka tena ingawa ramani ilikuwa ile ile.

SI ASIA MASHARIKI PEKEE

Jambo kama hili limeonekana kwingineko. Doha na Dubai, majiji yanayofahamika na Wakenya wengi wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, yametengana kwa takriban kilomita 380, safari ya ndege ya kama saa moja. Lakini kuanzia Juni 5, 2017, Milki za Kiarabu na mataifa mengine matatu zilipovunja uhusiano na Qatar, ndege za moja kwa moja zilikoma. Abiria walipitia Muscat au Kuwait hadi Januari 2021, mzozo huo ulipomalizwa.

Hata hapa kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo, kutoka Nairobi hadi Arusha hapakuongezeka hata mita moja, lakini wasafiri na wafanyabiashara wa pande zote mbili wanakumbuka jinsi majirani walivyokuwa mbali.

Kwa hivyo, mtu anapoambiwa kwamba mji fulani uko umbali wa kilomita kadhaa kutoka mwingine, amepewa nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kujua ndege inapita wapi, inatua wapi, na iwapo waelekezi walioko chini yake wanazungumza. Baina ya Taipei na Shanghai, kilomita zilijulikana tangu zamani. Ilichukua miaka 59 kupata mazungumzo hayo.